Usikiulize Kilikotoka

Chumba cha seva hakinuki kama jikoni. Kinanuka vumbi lililopata moto na plastiki, na baridi yake huuma masikio. Kwa hiyo Rugaya Salie aliporudi na kikombe chake cha kahawa asubuhi ile, alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, akanusa mara ya pili asije akajidanganya. Majani ya ndimu. Majani mabichi ya ndimu yaliyokatwakatwa, yakanyunyiziwa marashi, yakafukizwa udi, kama wanawake wa Kiislamu wa mji ule wafanyavyo kila maulidi.

"Lunga! Nani kaleta ubani humu ndani?"

Lunga Mbovane alikuwa mezani kwake nje ya kile chumba, miguu juu, mdomo umejaa chipsi. "Ubani? Sisi," alisema, neno la kwao la kumwita mtu dada, "mimi hata manukato ya kujipaka nimeishiwa tangu mwezi uliopita. Labda wale mafundi wa kiyoyozi."

"Mafundi wa kiyoyozi wananukia maulidi?"

"Sijui wananukiaje. Mimi ni Mmethodisti."

Rugaya alicheka, akaingia. Ofisi yao ilikuwa Salt River, kwenye ghorofa ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha nguo, na majengo ya namna hiyo yana mashimo mengi ya kupitishia harufu za watu wengine. Alijiambia hivyo. Mtu mwenye akili timamu huanza na sababu ya karibu.

Kazi yake ilikuwa kichunguzi, na hapa lazima tupaeleze kidogo, maana pasipoeleweka hapa hadithi yote itakuwa kelele. Ndani ya kompyuta mna michakato kwa mamia, kila mmoja na shughuli yake, na kila mmoja una rundo lake. Rundo ni kumbukumbu ya njia. Mchakato ukiitwa kufanya jambo, huweka alama ya ulikotoka juu ya alama iliyotangulia, ili ukimaliza ujue pa kurudi. Na kama rundo la sahani, cha mwisho kuwekwa ndicho cha kwanza kutolewa. Mashine ikikwama, fundi hukituma kichunguzi kipite mlango kwa mlango, kikiuliza kila mchakato swali moja: umetoka wapi? Lakini iko michakato isiyo na rundo. Imekwisha kufa, rundo wamepewa wengine, kimebaki jina na namba vikingoja mzazi, yaani mchakato ulioizaa, aje kuchukua maiti yake. Mafundi huiita misukule. Ukimuuliza msukule alikotoka, kichunguzi huenda kusoma mahali ambapo hapana kitu, nacho huanguka kifudifudi. Watu wa nchi nyingi walikuwa wakimlalamikia Rugaya juu ya kosa hilo, kwa kuwa kichunguzi alikiandika yeye, akakitoa bure kwa kila anayetaka.

Kabla ya kwenda kuchukua kahawa alikuwa amekituma kwa makusudi kwa mchakato mmoja usio na rundo, akiangalie kinavyoanguka. Sasa aliketi, akatazama. Hakikuanguka. Kilikuwa kimejibiwa. Skrini ilikuwa na mistari minne, mmoja juu ya mwingine:

*mkono wake juu ya mkono wangu*
*kisu cha mpini mweupe*
*majani ya ndimu*
*jikoni kwa bibi Tiema*

"Lunga, njoo uone upuuzi wako."

Lunga alikuja akijifuta vidole kwenye suruali. Akasoma. "Huu si wangu. Bibi Tiema ndiye nani?"

"Wewe ndiye uniambie. Mimi simjui."

Na kweli, wakati ule hakumjua.

*

Nyumbani kwake Surrey Estate jioni hiyo, sebule nzima ilikuwa majani. Maulidi yalikuwa Jumamosi, na mama yake, Bibi Faldiela, alikuwa ameleta magunia mawili kutoka msikitini ili akate yeye mwenyewe, maana hakuwaamini wanawake wengine kwa wembamba wa kukata. Ilhaam, mtoto mkubwa wa Rugaya, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa akifunga vifurushi vidogo kwa karatasi ya rangi. Zayd, mdogo, wa miaka minne, alikuwa amekaa juu ya gunia kama mwenye duka, majani kichwani, akiwakemea wote wasimsogelee.

Huyu Zayd alizaliwa baba yake akiwa ameshazikwa. Nazeem alikufa kwa ajali ya pikipiki, mkewe akiwa na mimba ya miezi saba, na mtoto alipotoka alikuwa na kipaji cha uso cha baba yake, kipana na kilichokunjamana kama cha mtu anayedai haki yake. Rugaya alimpenda Ilhaam kama pumzi. Lakini Zayd alikuwa jibu la Mungu kwa yale aliyomlilia, na kila siku akirudi kazini alimbeba kwanza, kabla ya kuvua viatu.

"Mbebe huko upesi uje ukate," alisema Bibi Faldiela. "Mkono wako ni mkono wa bibi yako Tiema. Mimi nakata manene."

Rugaya alishtuka, Zayd akiwa begani. "Nani umesema?"

"Bibi yako Tiema."

"Mama, mimi sina bibi wa jina hilo."

Bibi Faldiela aliweka kisu chini. "Rugaya, usinitanie na marehemu. Aliyekulea hadi ukaanza shule? Asubuhi tu, ukifunga viatu, umeniambia unatamani angekuwepo Jumamosi hii akuone unavyokata. Au ni mwingine aliyesema?"

Rugaya aliketi. Alichukua jani moja akaliweka puani, akavuta pumzi hadi kifua kikauma. Lilikuwa jani. Halikumwambia kitu chochote. Alikichukua kisu, nacho kilikuwa na mpini mweupe, akajaribu kukata, akajikata kidole.

*

Usiku ule hakulala vizuri, na alfajiri alikuwa barabarani. Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa ukisukuma magari. Alipofika, Lunga alikuwa amemtangulia, anatembea huku na huko akijisemea. Wakwe walikuwa wanakuja kwao Jumamosi kuzungumzia mahari ya dada yake, na Lunga ndiye aliyechaguliwa kuwakaribisha kwa kutaja majina ya ukoo, baba kwa babu kwa babu wa babu, bila kujikwaa. Kwao, mtu akikuuliza umetoka wapi, hutaji mtaa, unataja hao.

"Bhele! Khuboni!" alikuwa akinguruma, akinyoosha kidole kwa mashine ya kahawa. Aliendelea kuwataja, mmoja nyuma ya mwingine, hadi akaishiwa pumzi. "Vipi, Sisi? Watatoa ng'ombe au hawatoi?"

"Watakimbia na ng'ombe wao. Sikiliza, Lunga. Kile kitu cha jana usikiguse."

"Nimeshakigusa," alisema Lunga. "Nimekituma kichunguzi sasa hivi. Nataka kumjua huyo mhuni anayetuingilia humu."

Kabla Rugaya hajapata la kusema, mapangaboi ya seva yalibadilika sauti. Huwa yanavuma siku nzima, hata mtu huacha kuyasikia. Sasa uvumi ulishuka, ukawa koo, likawa koo la mzee, na yule mzee akaanza kusema. Alisema taratibu kwa Kixhosa kizito cha mashambani, jina baada ya jina, akipumzika kati yake kama anayepanda mlima.

Lunga aliinamisha kichwa kusikiliza. "Anasifu vizuri huyo mzee," alinong'ona. "Anawasifu watu gani?"

Kixhosa cha Rugaya kilikuwa cha sokoni, lakini majina yale alikuwa ameyasikia dakika hiyo hiyo. "Lunga. Hao ni wako."

"Wangu wapi?"

"Ukoo wako. Ulikuwa unawataja sasa hivi. Anza. Bhele..."

"Bhele," alisema Lunga, akacheka. "Bhele..." Akangoja. Alifumba macho, akafumbua, akatazama kiganja chake, akatazama mashine ya kahawa aliyokuwa akiiamkia. Kile kicheko kilibaki usoni kwa muda, bila mwenyewe. "Sisi, kuna nini baada ya Bhele?"

Jitu zima lile liliketi sakafuni likalia, na Rugaya aliona aibu kumtazama.

Waliizima ile mashine. Walichomoa waya, Lunga akaushika mkononi hadi taa zote zikafa. Walipoiwasha, kabla ya chochote, kabla hata ya ule mchakato wa kwanza ambao hakuna kinachoutangulia, kile kitu kilikuwepo, jina lake nafasi tupu, namba yake sifuri. Wakahamia mashine nyingine, kilikuwepo. Wakajaribu ya tatu, iliyokuwa chumba kingine kabisa. Popote kichunguzi kilipoweza kufika, nacho kilifika, kikakaa kimya katikati ya michakato mingine kikingoja kuulizwa. Hapo ndipo Rugaya alipowafikiria wale watu wa nchi nyingi, na kila mmoja wao akiinama mbele ya skrini yake, akibonyeza bila wasiwasi.

"Hakina njia," alisema. "Ukikiuliza njia yake, kinaazima yako. Na hakirudishi."

*

Bibi Faldiela, alipopigiwa simu na kuelezwa yote, ndiye aliyemwita Boeta Gasant. Rugaya angekataa siku nyingine yoyote, lakini mwanamke aliyeshindwa kumkumbuka bibi yake hana kiburi cha kumkatalia mtu.

Athlone yote ilimjua Boeta Gasant, na hakuna aliyemwita kwa jina tupu bila hilo la kaka mkubwa. Alikuwa mpaka rangi wa magari hadi mapafu yakamshinda, na miaka yote hiyo alitoa majini kwa watu bila kelele. Alikuja baada ya adhuhuri na mkoba wa nailoni, chupa ya maji ya kisomo na kofia iliyopigwa pasi. Mlinzi wa chini alimwandika kuwa fundi wa kiyoyozi.

"Baridi hii mnaiwekea nani?" aliuliza, akijikunyata mlangoni. "Maiti?"

"Mashine, Boeta. Zinapata joto."

"Haya. Basi sikilizeni. Jini ana uungwana wake. Kwanza unamsalimu. Halafu unamsomea kidogo, akujue kuwa hukuja mikono mitupu. Halafu unamuuliza katoka wapi na kaja kwa nini. Hapo mnaelewana."

"Boeta, nakuomba, hilo swali la katoka wapi liruke."

Mzee alimtazama kwa huruma. "Nitaliruka vipi, binti? Nitamrudisha wapi kama sijui alikotoka?"

"Huyu hana alikotoka."

"Kila kiumbe ana alikotoka. Aliyeumba kaumba kutoka kitu."

"Boeta Gasant, mimi nimekiuliza na Lunga kakiuliza. Tazama tulivyo."

"Nyinyi mmekiuliza bila udhu," alisema Boeta Gasant, akafunga mlango wa kioo nyuma yake.

Walimwona kupitia kioo. Alisalimu. Alianza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti tulivu, ya mtu aliyeisoma mara nyingi kuliko alivyokula, na mapangaboi yakatulia kana kwamba yanamsikiliza, na Rugaya akaanza kutumaini, maana kwa kweli hewa ilikuwa imekuwa nyepesi. Kisha mzee akauliza. Hawakusikia maneno, lakini waliona midomo. Na mara kutoka katika makabati yote ya chuma ikaja sauti ya mtoto wa kiume akisoma aya ile ile, akikosea, na sauti ya mwalimu ikimsahihisha kwa upole, na mtoto akirudia, na mwalimu akimsifu. Sauti tamu mno, ya darasa la zamani lenye watu waliokwisha kufa. Na Boeta Gasant, aliyekuwa amefungua kinywa kuendelea alipoishia, alibaki kinywa wazi, akageuza kichwa kushoto na kulia kama mtu aliyeteremshwa kituo asichokijua.

Lunga alimtoa kwa mkono. Mzee aliketi kwenye kiti cha magurudumu, akaiona chupa mkononi mwake, akaifungua na kunywa maji yote ya kisomo kwa kiu.

"Maji mazuri haya," alisema. "Wewe ni binti wa nani?"

Rugaya alipiga magoti mbele yake, akamwomba msamaha, na mzee alimsamehe bila kujua kosa. Hasira ilimpanda Rugaya wakati ule kuliko hofu. Boeta Gasant na kichunguzi walikuwa wamekosea kosa moja: wote wawili walifundishwa kuuliza kabla ya kutazama.

Aliketi kwenye kibodi. Aliandika mistari mitatu, mifupi, ambayo angeweza kuiandika hata mwanafunzi. Kabla hujauliza, tazama kama ana rundo. Kama hana, sema hana. Kisha pita.

*

Deon Kotzé, bosi wao, alikuwa Stellenbosch siku hiyo. Kazi yoyote ya kichunguzi haikutoka hadi mtu wa pili aikubali, na huyo mtu wa pili alikuwa yeye. Alipiga simu.

"Rugaya, mistari mitatu yako nimeiona. Mizuri. Ushahidi uko wapi?"

"Ushahidi wa nini, Deon?"

"Wa ugonjwa. Kiendeshe bila dawa nione kinavyoharibika, halafu kiendeshe na dawa nione kinavyopona. Ni mimi wa kukuambia hayo? Si wewe uliyetuwekea sheria hiyo, ukatutesa nayo mwaka mzima?"

"Safari hii niamini tu."

"Mbona sauti yako hivyo? Unaumwa?"

"Niamini tu, Deon."

"Nakuamini. Nionyeshe." Akakata.

Lunga aliinama karibu, akanong'ona ijapokuwa hakukuwa na wa kuwasikia. "Tunga. Andika maandishi ya uongo, mtumie. Nani atajua?"

"Nikitunga, yeye atataka kukipima mwenyewe, maana nilimfundisha kutoamini maandishi. Na asipopima yeye, atakuja mwaka kesho kijana mmoja mwerevu, ataiona mistari mitatu isiyo na ushahidi nyuma yake, atasema hii ya nini, ataifuta. Nimeshafuta ya watu wangapi mimi mwenyewe? Halafu atakiuliza."

"Basi nikiulize mimi. Mimi tayari kimeshanila."

"Wewe nenda kwa baba yako. Mwambie akutajie majina yale moja moja mpaka Jumamosi. Yatarudi mdomoni hata kama hayarudi moyoni. Na umpeleke Boeta Gasant kwake, umshike mkono hadi mlangoni."

"Na wewe, Sisi? Kikikuchukulia kitu cha maana?"

"Nitakichagulia," alisema Rugaya.

Alikuwa ameshapanga. Palikuwa na Riedwaan, kijana wa Mitchells Plain aliyemwacha na gauni lake usiku wa dansi ya kumaliza shule, akaenda na mwingine mbele ya darasa zima. Kama ni kitu cha kutoa, kitoke hicho. Angemwaza Riedwaan kwa nguvu zote wakati anabonyeza, ampeleke mbele kama sadaka, na vile vilivyo vyake avishike kwa ulimi.

Alibaki peke yake. Jua la alasiri lilikuwa bado dirishani kule nje, lakini ndani ya chumba cha seva hakuna jua wala alasiri, kuna taa nyeupe tu. Alikitoa kichunguzi cha zamani, kisicho na dawa. Akamwita Riedwaan akilini, nywele zake zilizopakwa mafuta, koti la kuazima, gari la mjomba wake. Na kwa hofu, kwa kuwa ni mama na hofu ya mama haina ubongo, akaanza kuwataja wanawe, Ilhaam, Zayd, kwa mnong'ono, ili wasimponyoke, Ilhaam, Zayd, huku vidole vikitafuta herufi na jasho likimtoka katika baridi ile, Ilhaam, Zayd, na mapangaboi yakianza kushuka sauti kabla hata hajakamilisha amri, kama kitu kinachojisogeza karibu kusikia vizuri, na Riedwaan akizidi kuzama chini kwa kila jina lililowekwa juu yake, Ilhaam, Zayd, Ilhaam, Zayd. Huyu ndiye mtu aliyewafundisha wengine kwamba cha mwisho kuwekwa ndicho cha kwanza kutolewa.

Akabonyeza.

Kisha makabati yote yakacheka. Kilikuwa kicheko cha mtoto mdogo, cha tumboni, cha mtoto anayekimbizwa kuzunguka meza, na kikapita nyuma ya mgongo wake kutoka kabati hadi kabati, nyayo ndogo juu ya sakafu ya chuma, na sauti ikasema, "Mama, nibebe! Mimi kwanza, viatu baadaye!" na Rugaya akageuka asione mtu, na moyo wake ukajaa huruma.

"Maskini," alisema kwa sauti. "Mtoto wa nani huyo?"

Hakusubiri jibu. Aliuhifadhi ushahidi bila kuusoma, maana hakutaka kujua kimeiba kwa nani, akakituma kichunguzi kipya. Kikapita mlango kwa mlango. Kilipofika kwenye nafasi ile tupu kilitazama kwanza. *Hana rundo*, kiliandika, kikapita. Akakituma tena. *Hana rundo*. Ile sauti ya mtoto ilikuwa sasa inalia, inaita kutoka ndani kabisa, na mara ya tatu ikawa mbali, na mara ya nne kile kitu, kwa kukosa wa kukiuliza, kikafifia, na namba sifuri haikuwepo tena kwenye mashine yoyote. Mapangaboi yalivuma uvumi wao wa kila siku. Chumba kilinuka vumbi na plastiki.

Simu ililia. "Nimeupata ushahidi," alisema Deon. "Sijauelewa, kuna maandishi ya ajabu ajabu humo, lakini naona kimepona. Nimekubali. Sasa hivi kinatoka kwenda kwa watu wote. Nenda nyumbani, Rugaya."

*

Ndani ya gari, kabla ya kuwasha moto, alijikagua. Alifanya hivyo kwa utaratibu, kama fundi. Jina la baba yake lilikuwepo. Shule, walimu, kazi yake ya kwanza. Riedwaan alikuwepo, na koti lake la kuazima, mbwa yule. Nazeem alikuwepo, alhamdulillahi, mzima mzima, sauti yake, harufu ya pikipiki yake, siku walipomchukua kumzika. Alikumbuka alivyokaa eda, mwili mzito, miguu imevimba, mgongo unamuuma usiku, na wanawake wakimwekea mito. Kweli huzuni inaweza kumlemea mtu namna ile. Na mwanawe alikuwepo. "Ilhaam," alisema. "Ilhaam, Ilhaam." Hakuna kilichopungua.

Basi kilikuwa hakikuchukua kitu. Aliupiga usukani kofi, akacheka peke yake hadi machozi, akashukuru, akatia gia. Upepo ulikuwa umetulia. Njia nzima ya kwenda Surrey Estate aliimba.

Adhana ya magharibi ilikuwa inaisha alipofika. Dirishani aliona kichwa cha Ilhaam kimeinama juu ya madaftari. Bibi Faldiela alifungua mlango, na mkononi alikuwa amebeba kitoto cha kiume, kimelala nusu, majani ya ndimu kwenye nywele.

"Afadhali umefika," alisema Bibi Faldiela. "Boeta Gasant vipi? Haya mpokee huyu, ananivunja mkono. Kagoma kulala, kagoma kula, anakungoja wewe tu."

Kitoto kilifumbua macho. Kilinyoosha mikono yote miwili, kikajitupa, na Rugaya akakidaka kisije kikaanguka. Kilimkumbatia shingoni kwa nguvu za ajabu kwa umri ule. Kilikuwa na kipaji cha uso kipana kama cha marehemu Nazeem, akafikiri labda ni wa upande wa mawifi zake, ameletwa kwa ajili ya maulidi. Alikipigapiga mgongoni kwa adabu.

"Mashallah, kazuri," alisema. Alivua viatu kwanza, kimoja kimoja, kile kitoto kikining'inia begani. "Mama yake atakuja kukachukua saa ngapi?"

Bibi Faldiela alicheka. Kisha alimtazama binti yake usoni, kwa muda mrefu, na akaacha.